AFYA YA MAMA: Ordinatere inayosoma picha ya titi, na safari yetu ya kufika kwa muganga



Wiki hizi swali moja limerudi mara nyingi katika mikutano: je, ni kweli kwamba siku hizi kuna ordinatere inayoona kansere ya titi kuliko muganga? Wengine wamesikia habari hiyo kwenye radio, wengine wametumiwa kwenye simu, na wako walioambiwa kwamba sasa unaweza kujipiga picha titi lako kwa simu na simu ikakupa jibu. Kwa kuwa ndani ya habari hizo mna ukweli na mna uongo, tumeona vema tuzichambue pamoja leo, kama tunavyochambua maharagwe kabla ya kuyatia chunguni.

Tuanze na picha yenyewe. Inaitwa mamografia. Ni radio kama ile wanayopiga mtu aliyevunjika mkono, ila imetengenezwa kwa ajili ya titi tu. Titi linawekwa katikati ya vibao viwili na kubanwa kidogo ili litandazike, kisha linapigwa picha kwa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Kwa kawaida kila titi linapigwa picha mbili, moja kutoka juu na moja kutoka pembeni. Kubanwa kunaumiza kidogo, lakini ni kwa muda mfupi sana. Mwanga huo uligunduliwa na Mjerumani mmoja, Wilhelm Röntgen, mwaka 1895. Mwaka 1913 daktari wa upasuaji wa Berlin, Albert Salomon, alipiga picha matiti yapatayo 3,000 yaliyokuwa yameondolewa kwa upasuaji, akaonyesha kwamba kansere inaacha alama zake kwenye picha. Kwa hiyo si jambo la jana.

Faida ya picha hiyo ni kwamba inaweza kuonyesha uvimbe ambao bado ni mdogo mno, ambao vidole haviwezi kuusikia. Ndiyo sababu katika nchi zenye uwezo wanawake wanaitwa kupimwa hata wakiwa hawajaona dalili yoyote. Ndiyo depistaje. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba, mahali ambapo hospitali zina vifaa na watu wa kutosha, wanawake wa miaka 50 hadi 69 wapigwe mamografia kila miaka miwili.

Shida iko kwenye kusoma. Picha ya titi ni kama mawingu: mna weupe na weusi na kijivu, na kansere nayo ni nyeupe katikati ya weupe mwingine. Muganga anayesoma picha hizo anaweza kuangalia mamia kwa siku moja, na katika kila wanawake 1,000 wanaopimwa wakiwa hawana dalili, wenye kansere ni kama 5 au 6 tu. Fikirieni kazi hiyo: kutafuta vijiwe sita katika gunia zima la mchele, kila siku, bila kuchoka, na kijiwe kimoja kikikupita ni maisha ya mama mmoja. Ndiyo maana katika nchi nyingi za Ulaya kila picha inasomwa na waganga wawili, mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo ordinatere inapoingia.

Mashine inajifunza namna gani?

Hakuna mama aliyemwandikia binti yake sheria za kuchambua maharagwe. Hukumwambia, "Jiwe lina upana huu na uzito huu." Ulimkalisha karibu na ungo, ukamwonyesha: hili ni jiwe, hili ni haragwe, hili limeliwa na wadudu. Alipokosea ulimrekebisha. Baada ya misimu michache, mikono yake ikawa inajua yenyewe, hata akiulizwa anajuaje hawezi kueleza vizuri.

Ordinatere za siku hizi zinajifunza hivyo hivyo, na wataalamu wanaita jambo hilo ujifunzaji wa kina. Mashine inapewa picha nyingi sana, maelfu na maelfu, na kila picha ina jibu lake lililokwisha kujulikana: mama huyu alipimwa nyama ya titi kwenye maabara ikaonekana ni kansere, mama yule alifuatwa kwa miaka kadhaa na hakuwa na kitu. Mashine inakisia. Ikikosea, hesabu zilizo ndani yake zinasogezwa kidogo ili kesho isikosee vile. Inarudia tena na tena mpaka makosa yanapungua. Mwishoni, ukiipa picha mpya, haisemi "huyu ni mgonjwa." Inatoa alama tu, kama mwalimu anayetoa pointi: picha hii ina mashaka kidogo, picha hii ina mashaka mengi, na mashaka yenyewe yako mahali hapa.

Kabla ya hizo kulikuwa na mashine za namna nyingine. Huko Marekani ziliruhusiwa tangu mwaka 1998, na hospitali nyingi zikazinunua. Hizo zilifuata zaidi sheria zilizoandikwa na watu: tafuta doa la namna hii, weka alama pale. Ziliweka alama nyingi mno. Mwaka 2007 uchunguzi mkubwa ulitoka katika jarida la tiba la huko, ukaonyesha kwamba mashine hizo hazikuwasaidia waganga kusoma vizuri zaidi. Ziliongeza wanawake waliochomwa sindano ya kuchukua nyama ya titi bila wao kuwa na kansere. Watu walikuwa wameshalipa makuta yao. Tunawakumbusha jambo hilo si kwa kuwavunja moyo, bali kwa sababu kila mashine mpya inakuja na watu wa kuisifu, na mama mwenye busara anauliza kwanza: imejaribiwa kwa nani, na ilileta nini?

Kilichopatikana Uswidi na Ujerumani

Mashine hizi mpya zimejaribiwa, na matokeo yake ni mazuri. Huko Uswidi, wachunguzi wakiongozwa na Daktari Kristina Lång wa Chuo Kikuu cha Lund waliwachukua wanawake zaidi ya 80,000 waliokuja kwenye depistaje ya kawaida, wakawagawa makundi mawili kwa bahati, kama kura. Kundi la kwanza picha zao zilisomwa na waganga wawili kama desturi. Kundi la pili picha zao zilipita kwanza kwenye ordinatere, ikazipa alama kutoka 1 hadi 10. Zenye alama 1 hadi 9 zilisomwa na muganga mmoja. Zile za 10 zilisomwa na wawili, na mashine ikawaonyesha mahali ilipotia shaka.

Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2023. Katika kundi la desturi walionekana wanawake 203 wenye kansere. Katika kundi la ordinatere walionekana 244. Wale walioshtuliwa bure, yaani walioitwa tena kumbe hawana kitu, hawakuongezeka. Na kazi ya waganga ya kusoma picha ilipungua kwa karibu 44 kwa 100.

Ujerumani nao walifuata wanawake zaidi ya 460,000 katika vituo 12, kati ya mwaka 2021 na 2023. Picha zilizosomwa kwa msaada wa ordinatere zilionyesha kansere 6.7 katika kila wanawake 1,000. Zile zilizosomwa bila msaada huo zilionyesha 5.7. Kwa masikio inaonekana tofauti ndogo. Lakini mmoja katika kila elfu, ukiwahesabu wanawake wa nchi nzima, ni wamama wengi sana.

Angalieni vizuri mambo mawili katika habari hizo. La kwanza: hakuna mahali mashine iliachwa peke yake. Muganga alikuwepo, na ndiye aliyeamua. La pili: hata kwa mashine nzuri hivyo, wengi wa wanaoitwa tena hawana kansere. Uswidi, katika kila wanawake 1,000 waliopimwa, kama 22 waliitwa tena. Wenye kansere walikuwa 6. Kwa hiyo mama akiambiwa "rudi tukuangalie tena," hiyo si hukumu ya kifo. Ni mwito wa kuhakikisha.

Na uhakika hauletwi na picha wala na ordinatere. Unaletwa na biopsia: sindano inaingia kwenye uvimbe, inachukua kipande kidogo cha nyama, kinapelekwa maabara, na mtaalamu anakiangalia kwa darubini. Mahali pasipo na mtu wa kufanya biopsia na wa kuisoma, mashine yenye akili kuliko zote ni kama kengele ya kanisa mahali pasipo na padri.

Je, sisi huku?

Sasa turudi kwetu. Katika nchi yetu mashine za mamografia ni chache, na ziko katika miji mikubwa. Mama wa kijiji anayetaka picha moja anahesabu usafiri, mahali pa kulala, chakula cha watoto waliobaki, na siku za soko alizopoteza. Ordinatere ya kusoma picha haiwezi kusoma picha ambayo haikupigwa.

Kuna jambo la pili, na hili hatulisikii sana katika sifa za mashine. Binti aliyefundishwa kuchambua maharagwe meupe tu, siku ukimpa yale ya rangi nyingi atababaika. Vivyo hivyo na ordinatere: inajua kile ilichoonyeshwa. Nyingi zimefundishwa kwa picha za wanawake wa Ulaya na Marekani, wengi wao wakiwa wa miaka 50 na zaidi. Huku Afrika wengi wanaopata kansere ya titi wako chini ya miaka hiyo, maana wengi wetu bado ni vijana. Na titi la mwanamke kijana kwa kawaida limejaa nyama nzito. Kwenye radio nyama hiyo ni nyeupe, na kansere ni nyeupe, kwa hiyo moja inalificha jingine. Kwa titi la namna hiyo ekografia, ile ile wanayotupigia tukiwa na mimba, mara nyingi inasaidia zaidi, hasa kama uvimbe unasikika tayari kwa mkono. Mashine za ekografia ziko katika hospitali nyingi zaidi kuliko za mamografia, na wataalamu wanazifundisha ordinatere kusoma picha za ekografia pia. Huenda kwetu msaada ukaja kwa njia hiyo kabla ya ile nyingine.

Na ile simu inayosemekana kupima titi kwa kulipiga picha? Wamama, kamera ya simu inaona ngozi tu, haiingii ndani. Uvimbe ulio ndani ya titi haiwezi kuuona. Msitume picha za matiti yenu kwa mtu msiyemjua kwa sababu ya ahadi hiyo. Picha ikitoka mkononi mwako hairudi, na aibu itakayokupata haina dawa kwenye farmasi yoyote.

Mikono iliyofundishwa

Kama mashine ziko mbali, je, tukae tukingoja? Hapana. Sikilizeni habari ya Mumbai, mji mkubwa wa India. Tangu mwaka 1998 wachunguzi waliwafuata wanawake zaidi ya 150,000 wa mitaa ya watu wa kipato cha chini, wa miaka 35 hadi 64. Nusu yao walipimwa matiti kwa mikono kila miaka miwili, mara nne. Waliowapima hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wahudumu wa afya waliofundishwa kazi hiyo. Hakukuwa na radio wala ordinatere, ni vidole vyao tu. Baada ya miaka 20 matokeo yalitangazwa: kansere zilionekana zikiwa bado hazijaenea sana, na kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi vifo vilipungua karibu 30 kwa 100. Kwa walio chini ya miaka 50 vifo havikupungua, ni lazima tuseme hivyo pia. Lakini kwa watu wasio na mamografia, habari hiyo si ndogo.

Hapa jirani, kaskazini mwa Rwanda katika wilaya ya Burera, wauguzi wa vituo vya afya na wahudumu wa vijijini, wale ambao sisi tunawaita reko, walifundishwa kupima matiti na kumtuma haraka mama mwenye mashaka kwenye hospitali ya Butaro, ambako kuna kituo cha kansere tangu mwaka 2012. Wanawake wengi walikuja, na wengi wao uvimbe wao haukuwa kansere. Funzo lake ni hili: ukiwaita wamama waje, lazima hospitali iwe imejiandaa kuwapokea.

Mtu atauliza, "Basi si tujipime wenyewe nyumbani na yaishe?" Tuwe wakweli. Huko Shanghai, China, wanawake zaidi ya 266,000 wa viwandani walishiriki katika uchunguzi, nusu wakafundishwa kujipima kila mwezi kwa utaratibu maalumu, na vifo havikupungua kuliko kwa wengine. Kujipima peke yake hakutoshi. Lakini kulijua titi lako jinsi lilivyo siku zote, na kwenda haraka kwa muganga siku likibadilika, hilo ni jambo jingine, na ndilo linalotuua tusipolifanya.

Kinachotuua ni kuchelewa

Wachunguzi walifuata wanawake zaidi ya 2,000 wenye kansere ya titi katika nchi tano za Afrika: Uganda jirani yetu, Zambia jirani yetu mwingine, Nigeria, Namibia na Afrika Kusini. Baada ya miaka mitatu, karibu nusu yao walikuwa wamefariki. Wachunguzi wakapiga hesabu wakaona kwamba karibu theluthi moja ya vifo hivyo ingeweza kuepukwa kama wanawake hao wenye dalili wangegunduliwa mapema na kupata matibabu yanayofaa. Mapema huku kwetu maana yake si kabla ya dalili. Ni siku dalili inapoonekana.

Tunajua sote siku zile zinapotelea wapi. Mama anasikia kidonge kigumu kwenye titi. Hakiumi, kwa hiyo anakiacha. Na kumbe kansere mwanzoni mara nyingi haiumi. Mwezi wa tatu anamwambia dada yake. Dada anasema ni maziwa yaliyoganda. Mwezi wa sita mtu anasema ni karuho, mtu fulani amemtilia sumu, na wanaanza kutafuta mganga wa kienyeji wa kuitapisha. Mbuzi wawili wanauzwa. Mwezi wa tisa ngozi inapasuka, na harufu inaanza, na mama anajificha kwa aibu. Anafika hospitali mwaka umekwisha, makuta yamekwisha, na muganga anatikisa kichwa. Kisha kijiji kinasema: mnaona, aliyekatwa titi hospitalini akafa. Hakuuawa na kisu. Aliuawa na mwaka mzima wa kungoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ugonjwa huu ukuta haujengeki.

Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2021, limeweka shabaha tatu kwa nchi zote. Katika kila wanawake 100 wenye kansere ya titi, zaidi ya 60 wagunduliwe ingali katika hatua mbili za kwanza. Tangu siku mama anapofika kituo cha afya, jibu kamili lipatikane katika siku 60. Na katika kila 100, wasiopungua 80 wamalize matibabu yao. Hakuna hata moja ya shabaha hizo inayotimizwa na ordinatere peke yake. Zote tatu zinapita kwenye miguu ya mama, mfuko wa familia, na mlango wa hospitali.

Vikundi vyetu vifanye nini?

Kwanza, tujue dalili na tuzitaje kwa majina yake, bila haya:
- uvimbe au ugumu kwenye titi au kwapani, hata kama hauumi;
- titi moja kubadilika ukubwa au umbo kuliko lilivyokuwa;
- ngozi kubonyea, au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa;
- chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, au kidonda cha chuchu kisichopona;
- damu au maji kutoka kwenye chuchu kwa mama asiyenyonyesha;
- wekundu na uvimbe usiopona kwa dawa.

Mama anayenyonyesha akipata titi jekundu, la moto na lenye maumivu, mara nyingi ni maambukizi ya kawaida. Atumie dawa aliyopewa na muganga. Lakini kama wiki mbili zinapita na halijapona, arudi, na asikubali kupewa dawa ile ile mara ya tatu bila kuangaliwa zaidi. Na kwa wote: uvimbe mwingi wa titi si kansere. Tunasema hivyo ili mama aende kupimwa bila kutetemeka, si ili abaki nyumbani.

Pili, kila kikundi kichague wamama wawili wa kusindikiza. Mama mwenye dalili asiende peke yake. Msindikizaji anasikiliza maneno ya muganga pamoja naye, anayaandika, anauliza tarehe ya kurudi, na anamkumbusha. Watu wawili wakisikia neno gumu, mmoja hulikumbuka.

Tatu, likelemba zetu. Tunachanga kwa ajili ya harusi, kilio na kurudi shule. Tuweke pembeni sehemu ndogo kwa ajili ya safari ya kwanza ya hospitali na ya biopsia, mama asingoje zamu yake ifike. Kiasi kiamuliwe na kila kikundi kwa uwezo wake, na mtunza sanduku akiandike kwenye daftari peke yake kisichanganyike na mengine.

Nne, tuzungumze na wababa. Mume aliyeelezwa mapema kwamba titi si kitu cha aibu, na kwamba mkewe akitibiwa mapema anaweza kuishi kulea watoto wao, huyo ndiye atakayetafuta pikipiki usiku. Na wababa nao wajue: kansere ya titi inawapata wanaume pia, ingawa ni mara chache.

Tano, siku mtu akituletea mashine hiyo ya ordinatere katika mji wetu, awe mradi, awe hospitali, awe kampuni, tumpokee kwa heshima na tumuulize maswali haya matano:
1. Mashine hii imejaribiwa kwa wanawake wa Afrika, na vijana wakiwemo?
2. Baada ya mashine kutoa alama, ni muganga gani anayesoma na kuamua?
3. Mama akionekana ana mashaka, atafanyiwa wapi biopsia, na nani atamtibu?
4. Picha zetu zinatunzwa wapi, na nani ana ruhusa ya kuzitumia?
5. Mama atalipa kiasi gani, tangu picha mpaka mwisho wa matibabu?

Akijibu vizuri, twende, tena twende wengi, maana tumeona kwamba huko kwingine chombo hicho kimesaidia. Akijibu la kwanza tu na kuruka mengine, tumwambie akarudi kujiandaa. Hatuwakatai wataalamu. Tunataka nasi tuhesabiwe kati ya wale ambao mashine inafundishwa kwa ajili yao.

Kwa wiki hii tunaviomba vikundi kazi moja tu. Katika mkutano wenu, someni ile orodha ya dalili kwa sauti mara mbili, katika Kiswahili na katika lugha ya kijiji chenu, ili bibi asiyejua kusoma naye asikie. Kisha chagueni wasindikizaji wawili, na majina yao yabandikwe karibu na sanduku la kikundi. Na kama kati yenu yuko mama ambaye amekuwa akificha kidonge kwenye titi tangu msimu wa kupanda, tunamwambia yeye: mama, tafadhali, usingoje mavuno. Mwambie mmoja wetu leo, na kesho asubuhi mwende pamoja.